Jembe la Mpini Mfupi

Uliwaona. Usianze kuniambia hukuwaona. Ulipita kwenye kona ya Sumari, ukamkuta mtoto wa miaka sita anateka maji kwa sufuria, ukamuuliza baba hajambo, akakujibu hajambo, ukaenda zako umeridhika. Ulikuwa na haraka. Kila mtu ana haraka anapopita nyumba ambayo watoto wanajipikia wenyewe. Kabla ya hapo alikuwa anatembea polepole, tena anapiga mluzi. Akifika pale, ghafla amechelewa.

Mimi pia niliwaona, na ushahidi wangu upo kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mimi ni karani wa mfereji. Nimeshika daftari la mahudhurio tangu zile mvua za mwaka tisini na saba zilipobomoa banio letu, pale tunapochepusha maji ya mto. Na kwa miezi saba, kila Jumamosi, niliweka alama ya vema mbele ya jina la Hans Sumari, mtu ambaye hakuwepo. Niliweka kwa kalamu ya bluu. 

Ngoja nikueleze tunavyofanya, usije ukasema nilidanganywa.

Huku kwetu Nduruma tunalima kwa maji ya mfereji. Maji yanashuka kutoka mlimani, yanafika kwetu yamechoka, na kila nyumba ina zamu yake, saa zake kwa wiki. Zamu ya Sumari ni Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano. Zamu hainunuliwi. Inalipiwa kwa msaragambo. Jumamosi asubuhi nyumba zote zinatoka kuzibua mfereji, kutoa tope, magugu, chupa, na kila takataka ambayo watu wa juu wametutumia. Na hatuhesabu watu. Tunahesabu majembe. Kazi ikiisha kila nyumba inalaza jembe lake ukingoni likiwa na tope bichi, mimi napita na daftari. Kila mpini una alama iliyochomwa kwa chuma cha moto. Ya Sumari ni pete tatu, juu kabisa karibu na bati la jembe. Nikiona pete tatu na tope, naandika vema. Nyumba ikikosa Jumamosi tatu mfululizo, zamu yake inakufa.

Mama wa watoto hawa ndiye aliyetangulia kuondoka. Mwezi wa sita mwaka jana alisema anakwenda mpakani kununua mitumba, akapiga simu mara moja, halafu namba ikawa haipatikani. Mwisho wa mwezi wa saba, mahindi yakiwa yamevunwa na kuuzwa yote, Hans naye akafunga begi. Aliwaambia watoto anakwenda machimboni wiki mbili. Alimwachia mkubwa wao, Naisula, ufunguo wa mlango na lile jembe. Naisula alikuwa na miaka kumi na mitano. Nyuma yake yuko Lemomo, miaka kumi na miwili, na wa mwisho ni Elinaza, yule mwenye sufuria.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti jembe la pete tatu lilikuja. Nikaweka vema. Ya pili likaja. Ya tatu likaja limepungua.

Sikiliza hapo vizuri. Hans ni mtu mrefu, mrefu wa kuinama mlangoni, na mpini wa jembe lake aliukata mwenyewe msituni akauchonga kwa kimo chake. Alikuwa anajisifu nao vilabuni. Hans huyo asingeukata mpini ule hata umshikie panga shingoni. Sasa nikaukuta umekatwa shibiri mbili kutoka chini, mahali pa msumeno pakiwa bado peupe. Na pembeni amesimama Lemomo, kidevu kimevimba, kwa sababu Jumamosi mbili zilizopita mpini mrefu ulikuwa unampiga kidevuni kila akiinua tope. Dada yake aliukata ili jembe liwatoshe wao. Alikata upande wa chini makusudi, pete zisiguswe.

Niliona mpini. Niliona kidevu. Nikasema, "Lemomo, baba hajambo?"

"Hajambo, babu."

"Mwambie nimemsalimu."

Nikaweka vema. Wanaume thelathini walikuwa pale wananawa miguu. Wote waliona kama mimi.

Naisula aliendesha nyumba ile kwa akili ambayo sijaiona kwa wenyeviti watatu wa kijiji niliowahi kuwaandikia barua. Kuanzia hapo alipanga kwamba Jumamosi hii anakwenda yeye, ijayo Lemomo, asiyekwenda anabaki na Elinaza. Alikuwa kidato cha pili. Madaftari yake aliyafunga kwenye mfuko wa mbolea yasilowe. Kwenye nusu eka ya baba yao walipanda mahindi na maharage mwezi wa kumi na mbili, wakachanganya na mnavu kandokando ya mtaro, kwa sababu mnavu unachumwa baada ya wiki chache na una soko Tengeru. Watu walipouliza, kulikuwa na majibu matatu yaliyokaririwa. Asubuhi: baba ameenda shamba. Jioni: baba ameenda Tengeru. Mchana: baba amelala. Elinaza alipewa la mchana kwa sababu ni jepesi.

Sasa nakuja kwa Yiamat.

Shamba la Yiamat linapakana na la Sumari upande wa chini. Ni mkulima wa nyanya, mwenye pikapu mbili, mwenye sauti. Mwezi wa pili ulipofika, jua likiwa linachoma mpaka kokoto, nyanya zake zilihitaji maji kuliko zamu yake. Akaanza kuamka Alhamisi mapema na kufungulia upande wake saa tatu badala ya saa tano. Naisula alipomwambia kwa heshima, "Shikamoo baba, saa zetu bado hazijaisha," alimjibu kwamba hazungumzi maji na watoto, akamwite baba yake. Lemomo alipoongeza neno akaambiwa, "Wewe layoni, hujatahiriwa unanitazama usoni? Kamwite baba yako."

Baba asiyepatikana ataitwaje? Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, ndio wakati ambao hindi likikosa maji linakuwa gunzi tupu. Majani yakaanza kujikunja.

Siku ya Jumatatu, mchana wa saa nane, Yiamat alikwenda mwenyewe mpaka uani kwao. Alimkuta Elinaza peke yake anapepeta maharage.

"Baba yuko wapi?"

"Amelala."

"Nenda kamwamshe."

"Haamki."

"Kwa nini haamki? Amelewa?"

Elinaza akafikiri. Hakuwa amekaririshwa zaidi ya hapo. "Hapana. Amelala tu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mahindi ya mwaka jana," akasema mtoto.

Yiamat aliirudia hadithi hiyo dukani mchana ule wote, akiigiza kile kisauti, na watu walicheka. Nilikuwepo. Najua nani alicheka na nani alijifanya anatafuta chenji mfukoni. Jioni hiyohiyo akaja kwangu kunitaka niandike ajenda ya mkutano wa Jumamosi: nyumba ya Hans Sumari haina mwenyewe, zamu yake igawiwe jirani wa chini. Na ili aonekane ana huruma, akatafuta namba ya shangazi wa watoto, Kandida, dada yake Hans anayekaa Olasiti, akampigia aje awachukue.

Shangazi Kandida alifika Ijumaa. Usimchukie. Ni fundi cherehani, ana vyumba viwili vya kupanga na watoto wake wanne, na hakuna aliyemwambia lolote miezi saba yote. Alikuja na mifuko mitatu mikubwa, ile ya mistari, akaiweka sebuleni. Nilikwenda pale kupeleka taarifa ya mkutano, nikasimama mlangoni kama mdaiwa.

"Nimeshapanga," alisema bila kumtazama mtu. "Elinaza nakwenda naye mimi. Lemomo kuna babu yenu mmoja Monduli anataka kijana wa mbuzi. Naisula, kuna mama mmoja mjini, mtu wa kanisani kabisa, anatafuta msichana wa kumsaidia nyumbani."

"Na shule?" Naisula akauliza.

"Mwanangu, shule itaonekana."

"Itaonekana na nani, shangazi?"

Elinaza alikuwa ameshaingia ndani ya mfuko mmoja, amebaki kichwa nje, anadhani ni mchezo.

"Shangazi, hujala," akasema Naisula, akampakulia makande na mnavu. Kandida akala. Akala sana, maskini, alikuwa ametoka bila chai. Akatazama sufuria zilivyosuguliwa, akatazama sare tatu kwenye kamba.

"Mnakula hivi kila siku?"

"Sio kila siku," akasema Lemomo. "Kuna siku dada anapika, hiyo ndiyo shida kubwa."

"Nyamaza, chalii mwenye ugali wa madonge wewe," akajibiwa, na shangazi akacheka kabla hajajizuia.

Hapo Naisula akamshika mkono. "Shangazi, nusu eka hii ikipata maji wiki nne tu, tunavuna. Tukivuna tuna chakula mpaka mwezi wa nane, na mnavu unatununulia chumvi na madaftari. Hatukuombi kitu. Kesho kuna mkutano. Tukibaki na zamu, unatuacha hapa wote watatu. Wakituondolea, tunaingia kwenye mifuko yako bila kulia. Ngoja mpaka kesho tu."

Kandida alinigeukia. "Wewe ndiye karani? Wana nafasi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sidhani. Halafu nikaondoka, lakini sikwenda kulala. Nilishusha sanduku la bati ninaloweka madaftari ya zamani, kwa sababu kuna kitu nilikikumbuka tangu Jumatatu na nilikuwa nakiogopa.

Jumamosi msaragambo ulifanyika kama kawaida. Watoto wote watatu walikuja, kwa mara ya kwanza pamoja, Elinaza amebeba karai la kutolea tope ambalo ni kubwa kuliko mgongo wake. Walifanya kazi katikati ya watu waliokuja kuwanyang'anya. Hakuna aliyewatazama. Tulipomaliza, majembe yakalazwa ukingoni, thelathini na moja, na la pete tatu likiwa katikati na mpini wake mfupi kama jino lililovunjika. Nikahesabu. Nikaweka vema. Tukakaa juu ya mawe ya banio, na mwenyekiti, Mzee Tajeu, akafungua mkutano kwa sala ya Kilutheri fupi sana, kwa kuwa jua lilikuwa kali.

Yiamat alisimama. Alizungumza vizuri, sitamnyima hilo. Akasema anawahurumia wale watoto. Akasema Hans ametoroka, wote wanajua, na mfereji una mwanachama mmoja kwa kila nyumba, na mwanachama ni mtu mzima. Akasema maji yanapotea kwa mahindi ya watoto wanaocheza kilimo.

"Tena si jambo jipya," akamalizia. "Mwaka elfu mbili na tatu jembe la Nkasiogi lilikuja na mtoto wake, mumewe akiwa marehemu. Tulisema jembe la mtoto si jembe. Zamu ikahamishwa. Karani, si wewe uliyeandika?"

Bibi Nkasiogi alikuwepo. Hana zamu tangu mwaka huo, analima vibarua kwenye mashamba ya watu, na siku ile alikuwa ameletwa na Yiamat mwenyewe kumtolea tope. Alikuwa amekaa nyuma na jembe la kuazima. Hakuinua kichwa. Zamu yake ilihamishiwa kwa Yiamat, hilo hakulisema. Na yule mtoto aliyekuja na jembe, mvulana wa miaka kumi, alipofika kumi na nne alikwenda mjini akapotelea huko. Mimi nakumbuka jina lake. Wengine mmelisahau kwa sababu ni rahisi zaidi.

"Niliandika," nikasema.

"Basi. Kesi imekwisha."

"Naomba kuuliza," akasema Naisula.

Mzee Tajeu akasita. Watoto hawazungumzi kwenye mkutano wa mfereji. Lakini alishasimama, miguu ina tope mpaka magotini, na jembe lao amelichukua mkononi.

"Shikamooni wazee wangu. Nauliza tu. Baba Yiamat amesema mimi ni mtoto. Sawa. Jumamosi ile mfereji ulipobomoka pale kwa mwalimu, nilisimama ndani ya maji nimebeba mifuko ya mchanga mpaka saa saba. Hakuna aliyeniambia mimi ni mtoto, nenda nyumbani. Lemomo alipovimba kidevu hakuna aliyemwambia wewe ni mtoto. Kwenye tope tulikuwa watu wazima. Tumekuwa watoto leo, kwenye maji?"

"Msichana huyu ana mdomo," mtu akasema.

"Amerithi kwa nani? Baba yake hata kuaga hakuaga," akajibu mwingine, na pakawa na kicheko kibaya.

Naisula alingoja kiishe. "Nina swali moja kwa babu karani. Kitabu chako kinasema nyumba ya Sumari imekosa Jumamosi ngapi tangu Agosti?"

Nilijua jibu. Nilifungua hata hivyo, watu waone. "Jumamosi thelathini. Haijakosa hata moja."

"Na ile ya baada ya Krismasi?"

"Jembe lenu lilikuwepo. Siku hiyo yalikuja majembe tisa."

Manung'uniko yakapita kama upepo. Ishirini na wawili kati yao walikuwa wamelala siku ile, wamekula pilau.

"Na jembe la baba Yiamat limekuja mara ngapi?" Hili aliuliza Lemomo, bila ruhusa, na dada yake hakumzuia.

"Kumi na tisa," nikasema. "Amekosa kumi na moja. Zimepangwa vizuri zisifuatane tatu."

Walicheka tena, safari hii upande mwingine. Yiamat akapaza sauti. "Tunazungumzia nani mwanachama! Mtu mzima ndiye mwanachama! Jembe ni chuma tu, linaweza kushikwa na yeyote!"

Na hapo, ndugu yangu, ndipo nilipotoa daftari la mwaka tisini na nane. Lina jalada la kijani, limeliwa na mende pembeni. Nilikuwa nalo kifuani tangu asubuhi, na ninakiri mbele yako kwamba nilikuwa nalo pia mwaka elfu mbili na tatu, nyumbani, ndani ya sanduku, na sikulitoa, kwa sababu Yiamat alikuwa akinibebea mahindi yangu sokoni kwa pikapu yake.

"Naomba kusoma kumbukumbu," nikasema. "Mkutano wa tarehe kumi na nne Machi, mwaka tisini na nane, baada ya banio kujengwa upya. Ajenda: namna ya kuhesabu mahudhurio. Mjumbe mmoja kijana alisimama akasema hivi, nasoma: *Tusihesabu watu. Mimi nina safari za Tengeru, siwezi kuwepo kila Jumamosi. Tuhesabu majembe. Jembe la nyumba likija na tope, nyumba imekuja, hata kama limeshikwa na kibarua wangu au mtoto wangu.* Wajumbe wote walikubali."

"Mjumbe gani?" akauliza Mzee Tajeu, ingawa uso wake ulionyesha ameshakumbuka.

"Yiamat."

Sijui kama umewahi kusikia watu arobaini wanavuta pumzi kwa pamoja. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo, akashindwa, akapiga kirefu.

"Nilikuwa kijana," Yiamat alisema.

"Kumbe ukiwa kijana maneno yako yalihesabiwa," akasema Bibi Nkasiogi kutoka nyuma. Ndiyo mara ya kwanza kwa miaka ishirini kumsikia kwenye mkutano. Alisimama polepole, akalitupa lile jembe la kuazima miguuni pa Yiamat. "Chukua jembe lako. Tope nimelitoa mimi, na kwenye kitabu limehesabiwa jembe lako. Sheria yako ni nzuri sana. Ila kwa mwanangu uliikataa."

Yiamat akanitazama mimi, akategemea nitaangalia chini kama siku zote. Sikuangalia chini.

Mzee Tajeu ni mtu wa maneno machache na mgongo mbovu. Alijiinua akishikilia jiwe. "Kupiga kura za mikono kwa jua hili watu watadanganya, watainua mbili," alisema. "Kila nyumba ichukue jembe lake. Anayetaka zamu ibaki kwa hawa watoto, alilaze upande wa jembe lao. Asiyetaka, alilaze kwa Yiamat. Na karani ataandika majina, yasomwe hata miaka ishirini ijayo."

Hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi. Watu wanaogopa kukumbukwa.

Naisula akalaza jembe la pete tatu kwenye nyasi, peke yake. Wa kwanza kwenda alikuwa mama wa kigelegele. Wa pili Mzee Tajeu mwenyewe. Halafu wakaanza kwenda wawiliwawili, bati likigonga bati, mpaka Elinaza akawa anahesabu kwa sauti na kukosea, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na kumi, watu wakimsahihisha. Ishirini na sita. Upande wa Yiamat yalibaki matano, na moja kati ya hayo mwenyewe alikuja kulihamisha baadaye akisema lilikosea njia.

"Bado," akasema mwenyekiti. "Karani, futa jina la Hans. Andika la binti."

Nikafuta. Nikaandika: Naisula Sumari, mpini mfupi, pete tatu. Na mstari wa chini, bila kuagizwa na mtu, nikaandika ajenda ya Jumamosi ifuatayo: zamu ya Nkasiogi. Nikaisoma kwa sauti. Hakuna aliyepinga.

Shangazi Kandida alikuwa amesimama juu ya daraja la magogo muda wote, na viatu vyake vya mjini. Alikuwa analia huku amekasirika. "Kaka yangu," alikuwa anasema, "kaka yangu mpumbavu, ameacha watu kama hawa."

Alhamisi nilikwenda. Nilisema nakwenda kukagua lango, lakini nilikwenda kutazama. Saa kumi na mbili kasoro Lemomo alikuwa ameshaondoa magunia ya mchanga mdomoni pa mtaro wao. Naisula akainua ubao. Maji yakasita kidogo kama yanasikiliza, kisha yakaingia. Yalibeba majani makavu na povu mbele, yakifuata mtaro waliouzibua wao wenyewe Jumamosi thelathini, na Elinaza akikimbia mbele yake miguu peku anapiga kelele, "Yanakuja! Yanakuja! Mahindi, amkeni!" Alifika mwisho wa shamba kabla ya maji, akageuka akayangoja mikono kiunoni kama bwana shamba.

Kandida hakuwa amerudi Olasiti. Alivua viatu, akaviweka juu ya jiwe, akachukua jembe la kuazima akaingia tuta la kwanza kugawa maji. Hakujua kazi. Alifurika tuta zima.

"Shangazi, unazamisha maharage!" Lemomo akapiga kelele. "Fundi cherehani, shona upande huo, maji yanatoka!"

"Usinifundishe, mtoto wa Hans!"

"Mwanachama wa mfereji ni dada, kamwulize yeye!"

Saa tatu ilifika. Kwa mbali Yiamat alisimama kwenye mpaka wake. Naisula alikwenda mpaka kwenye lango la chini na jembe lake begani, akasimama pale. Saa tatu ikapita. Saa nne. Saa tano kamili Naisula akashusha ubao wake mwenyewe, akamfungulia Yiamat lango la kwake, akasema, "Zamu yako, baba. Shikamoo." Akajibiwa marahaba kwa sauti ndogo.

Walivuna magunia tisa. Ile mifuko ya mistari ya shangazi ndiyo iliyobeba maharage. Ofisa ustawi wa jamii wa kata alikuja, akaandika kwamba wanakaa pamoja, shangazi akiwa mlezi wao na akija kila Ijumaa, na anakuja kweli, na cherehani moja imehamia Nduruma. Naisula yupo kidato cha tatu. Bibi Nkasiogi ana zamu Jumanne. Hans hajarudi. Mama yao hajarudi. Siku wakirudi watalikuta jembe, na watalikuta fupi kwao.

Lakini usishangilie bado, wewe. Hawa waliokolewa na daftari lililoliwa na mende na ubishi wa msichana mmoja. Miezi saba ilipita kabla ya hapo, na katika miezi hiyo hapakukosekana mtu mwema. Tulikuwa wema tele, tunasalimia, tunapita. Mtoto wa Nkasiogi hakuwa na Naisula wa kumsemea. Aliondoka huku tukimtazama.

Na wewe unayo nyumba yako. Jina lake limekuwa likikugonga kichwani tangu uliposoma mstari wa kwanza, na umelisukuma pembeni mara tatu. Ile yenye mlango wa bluu, au ile nyuma ya kinu, au ile ambayo mtoto wao anakuja shule na kandambili za mtu mzima. Unajua kabisa jembe la nyumba ile linashikwa na nani.

Weka chini hicho unachosoma. Usiende kesho, usimpigie mtu mwingine aende. Nenda wewe, sasa hivi, kabla jua halijazama, ubishe hodi. Na usiulize kama baba hajambo. Uliza nani amepika leo, kisha ingia ndani ukae mpaka ujibiwe.